Fisi gani? Vivumishi kwa watoto wapenda hadithi

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: mtoto anakijua kitabu chake cha hadithi ukurasa kwa ukurasa, lakini akipewa zoezi la vivumishi, yaani maneno yanayoeleza sifa za jina, skuli anakwama. Tumechagua chache na kuzifupisha. Majibu yameandikwa na jopo letu la walimu wa Kiswahili.

Mwanangu yuko darasa la pili. Anapenda mno mfululizo wa vitabu vya sungura na fisi, kila kikitoka kipya anataka anunuliwe. Mwalimu wake anasema vivumishi havijui. Nikawa namsimamisha kwenye kila kivumishi tunaposoma, akanuna na kufunga kitabu. Nifanyeje?
*Mama, Chake Chake*

Ana haki ya kununa. Usomaji wa kwanza ni wa hadithi tu, usiingize somo. Mwache mpaka kitabu kimeshasomwa mara mbili tatu na mwisho wake anaujua. Hapo hana tena haraka ya kujua fisi alifanywa nini, na ndipo atakapokubali kuyatazama maneno yenyewe.

Siku ya somo chagua kurasa mbili, si kitabu kizima. Zipitie kwanza peke yako na kalamu ya risasi, utafute vivumishi vitano. Vitatu viwe vya kubadilika bila taabu, mfano -refu, -kubwa na -kali. Kimoja cha rangi. Kimoja kisichobadilika kabisa, kama hodari au laini. Kata vipande vya karatasi vya ukubwa wa neno uvibandike juu ya vivumishi hivyo kwa tone la gundi ya karatasi pembeni. Tepu usitumie, maana ikibanduliwa huondoka na wino wa kitabu.

Sasa soma kwa sauti: "Fisi … alitumbukia kwenye kisima …" Ukifika palipofunikwa, swali ni moja tu: "Fisi gani? Kisima gani?" Neno *gani* ndilo linaloita sifa. Ukiuliza "Fisi yupi?" utajibiwa "yule" au "wa kwanza", navyo ni vivumishi, lakini si vile unavyovitafuta leo, na mtoto atachanganyikiwa.

Jibu la kwanza mara nyingi huwa refu: "Fisi anayekula sana." Usiseme amekosa, kwa sababu sifa ameitaja. Mwambie, "Haya, tuiseme kwa neno moja," mpaka mpate *mlafi*. Akisema "mwenye njaa", mkubalie, kisha bandueni karatasi mwone mwandishi alichagua lipi, na mjadili lipi linamfaa zaidi fisi wa hadithi hiyo. Dakika 15 zinatosha. Ukizidisha, kesho atakapokuona na gundi mkononi atakimbilia kucheza.

Akishazoea, badilisheni kivumishi kimoja mwone hadithi inaelekea wapi. Kisima kirefu kikiwa kifupi, fisi anatoka mwenyewe na kitabu kinaishia ukurasa wa tatu. Sungura mjanja akiwa mjinga, ndiye atakayeliwa. Lakini "asubuhi moja nzuri" ukiondoa hiyo *nzuri* hapaharibiki kitu. Mwache agundue mwenyewe kuwa viko vivumishi vinavyobeba hadithi na viko vilivyotiwa kwa pambo. Somo hili halimo katika mazoezi mengi ya skuli, na kwa maoni yetu ndilo lenye faida kuliko yote.

Mtoto wetu wa miaka saba husema "simba kali", "ng'ombe kubwa". Tunamsahihisha kila siku lakini habadiliki. Halafu tukakuta kitabu chake kimoja kimeandikwa "ndege nyeupe aliruka juu ya mti", na picha ni ya ndege mwenye mbawa na mdomo. Nani amekosea?
*Baba, Fuoni*

Kitabu kimekosea. Ndege wa mbawa ni *mweupe*. Ndege *nyeupe* ni ile inayotua kiwanja cha ndege.

Kosa la mtoto lina sababu. Simba, ng'ombe, samaki, mbuzi, paka na ndege ni majina yasiyo na kiambishi cha kuonekana, na umoja na wingi wake ni sawa. Kwa sura yamefanana na nyumba, nguo, meza na njia. Mtoto ameshasikia "nyumba kubwa" na "nguo kali" mara nyingi, basi akawapa na wanyama hivyo hivyo. Kanuni ya kumpa ni fupi: mtu au mnyama yeyote hufuata ngeli ya A-WA, yaani kundi la majina kama mtu na watu, jina lake liwe na sura yoyote. Simba mkali, simba wakali. Ng'ombe mkubwa, ng'ombe wakubwa. Kifaru mzee, vifaru wazee, ijapokuwa jina linaanza na ki-. Hata akishachinjwa na kupikwa habadiliki: kuku mtamu, papa mkavu.

Majina mawili yanafundisha kanuni hii kuliko maelezo yoyote, kwa sababu kila moja lina maana mbili. La kwanza ni hilo *ndege*. La pili ni *kiboko*: kiboko *mnene* yuko mtoni, kiboko *kinene* kiko mkononi mwa mchungaji. Mchoree picha nne, ndege wa mbawa na ndege ya kusafiria, kiboko wa mtoni na kiboko cha mchungaji, umwambie aandike kivumishi chini ya kila moja. Akipatia zote nne, kanuni imeingia.

Kuhusu kusahihisha: msimkatize. Akisema "simba kali", mjibu, "Ee, simba mkali, tena mkali kweli," na hadithi iendelee. Anayekatizwa kila mara hujifunza kusema kidogo.

Mtego mwingine uko njiani. Twasema *rafiki yangu*, *dada yangu*, kama vile nyumba yangu, lakini sifa hurudi kwenye uhai: rafiki yangu *mwema*, dada yangu *mkubwa*, marafiki zangu *wema*. Mtoto akiuliza kwa nini, mwambie ndivyo Kiswahili kinavyokwenda. Maelezo marefu atayapata akifika sekondari.

Nasomesha darasa la tatu, wanafunzi 48. Kitabu cha hadithi wanachokipenda ninacho nakala mbili tu. Nawezaje kukitumia kufundisha upatanisho wa vivumishi, yaani kukifananisha kivumishi na jina lake, kwa darasa zima?
*Mwalimu, Makunduchi*

Mwalimu, nakala moja inatosha kusomea mbele ya darasa. Kinachohitaji kufika kila mkononi ni kadi.

Gawa darasa makundi sita ya wanafunzi wanane, na kila kundi litumie karatasi moja ya manila. Ikunjwe nusu mara tano itoe kadi 32. Usikunje zote kwa mkupuo. Baada ya kunja la tatu inakuwa nene na mkasi unapinda. Kata kwanza, kisha endelea kukunja vipande.

Kadi 12 ziwe za majina yaliyomo katika hadithi, kwa wino mweusi: fisi, watoto, mti, miti, kisima, visima, jiwe, mawe, njia, nyumba, ukuta, kuta. Nane ziwe za mizizi, kwa buluu: -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -zuri, -baya, -kali, -gumu. Nane za viambishi, kwa nyekundu: m-, wa-, mi-, ki-, vi-, ma-, n-, na moja *tupu* isiyoandikwa kitu. Nne zinazobaki ziweke akiba, kwa sababu kadi hupotea.

Mwanafunzi mmoja huokota jina, wa pili mzizi, na kundi hutafuta kiambishi: kisima ki-refu, visima vi-refu, mawe ma-gumu, ukuta m-refu. Kila kundi liseme pia kama maneno yanaingia akilini. "Ukuta mkali" upatanisho wake hauna kosa, lakini ukuta gani huo? Waache wacheke, kicheko hicho ndicho kinachoonyesha kuwa wanawaza maana, si kupanga kadi tu.

Kadi ya n- na ile tupu ndizo zitakazoleta ubishi. Kwenye *jiwe* tumia tupu siku zote: jiwe kubwa, jiwe dogo, jiwe zuri. Kwenye *njia*, *nyumba* na *kuta* hutegemea herufi ya kwanza ya mzizi. Mbele ya d, z na g, n- hubaki: ndogo, nzuri, ngumu. Mbele ya k na f hupotea: kubwa, kali, fupi. Na wapo waasi wawili: -refu huwa *ndefu*, -baya huwa *mbaya*. Usiwape watoto kanuni ya sauti kwa maneno. Chora safu mbili ubaoni, za "yenye n" na "tupu", wazijaze wenyewe. Kosa utakaloliona kila daftari ni "nyumba nkubwa" na "njia refu". La kwanza ni la mtoto anayefuata kanuni kupita kiasi, la pili ni la anayeikimbia. Wasahihishe kila mmoja kwa safu yake.

Mizizi inayoanza na irabu iweke wiki ya pili. Ukiichanganya mapema utapata "kieupe", "waeusi" na "maekundu". Somo lake limeshavaliwa darasani: shati *jeupe*, mashati *meupe*, mtandio *mweupe*, viatu *vyeusi*, soksi *nyeupe*, kitambaa *cheupe*. Wasimame mmoja mmoja wataje walichovaa. Hapo hapo waeleze kuwa rangi zinazochukua viambishi ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine husaidiwa na a-unganifu: shati la kijani, mtandio wa buluu, viatu vya manjano.

Neno moja la hadhari juu ya *vizuri*. Katika "sungura alinunua viatu vizuri" ni kivumishi. Katika "sungura alijificha vizuri" ni kielezi, kwa sababu linaeleza kujificha. Watoto wakipigia mstari kila *vizuri* wanayoiona, warudishe kwenye swali: ikijibu "gani?" baada ya jina, ni kivumishi, ikijibu "alijifichaje?", sicho.

Binti yangu wa darasa la nne akiandika hadithi kila kitu ni "kizuri". Sungura mzuri, chakula kizuri, siku nzuri. Kusoma anasoma sana. Mbona maneno mengine hayatumii?
*Mama, Wete*

Maneno anayajua, hajalazimika kuyatumia. *-zuri* linafaa kila mahali, na neno linalofaa kila mahali humwondolea mwandishi kazi ya kutazama. Msimpige marufuku. Mpeni kitu kisichoweza kuelezwa kwa *-zuri*.

Chukua kapu, uweke ndani vitu vitano vya jikoni na uani: kifuu cha nazi, konzi ya makumbi, karafuu kavu chache, kipande cha ukili, na mwiko. Funika kwa kanga. Mtoto aingize mkono bila kuangalia, ashike kitu kimoja, akieleze kwa sifa tatu bila kukitaja jina, na mwenzake akitambue. Neno *-zuri* na *-baya* hayaruhusiwi, kwa sababu hayamsaidii anayekisia.

Vitu hivi havikuchaguliwa ovyo: kila kimoja kina ngeli yake. Atakayeshika kifuu atasema *kigumu*, *kikavu*, *kidogo*. Makumbi ni *makavu*, *mepesi*, *mengi*. Karafuu ni *kavu*, *nyembamba*, *ndogo*. Ukili ni *mrefu*, *mwembamba*, na ukiwa umesukwa kwa rangi, *mwekundu*, ingawa rangi mkono hauijui mpaka kanga ifunuliwe. Mwiko ni *mrefu*, *mwepesi*, na *laini* kama umetumika miaka mingi.

Mwanzoni atakwama kwenye upatanisho, kwa sababu hajui aseme *kigumu* au *ngumu* kwa kitu ambacho haruhusiwi kukitaja. Basi mruhusu aseme kwa *kitu*: "Kitu kigumu, kikavu, kidogo." Kikishatambuliwa, arudie kwa jina lenyewe: "Kifuu kigumu, makumbi makavu, karafuu kavu." Hatua hii ya pili msiiruke. Bila yake mchezo unapanua msamiati lakini sarufi inabaki palepale, na ukifanywa hivyo mara nyingi mtoto hukwama kwenye ki- kwa kila kitu.

Baada ya kapu, rudini kwenye kitabu chake. Mpe ukurasa mmoja, apigie mstari kila *-zuri*, kisha ajiulize: kizuri kwa lipi? Chakula kizuri kwa ulimi ni *kitamu*. Sauti nzuri sikioni ni *nyororo*. Nguo nzuri machoni ni *maridadi*. Mtoto mzuri kwa tabia ni *mwema*. Kazi nzuri kuliko nyingine ni *bora*. Aandike neno jipya pembeni kwa kalamu ya risasi. Asibadilishe yote, kwa sababu *-zuri* moja au mbili katika ukurasa hazina ubaya, na hadithi iliyopakwa sifa kila jina huchosha kuisoma. Sifa moja kwa jina, mbili kwa nadra.

Mimi kusoma sijui, lakini wajukuu wanalala kwangu. Wananionyesha picha za vitabu vyao na kutaka niwasaidie. Nitawasaidia nini?
*Bibi, Kojani (ameandikiwa)*

Shikamoo, Bibi. Ngano unazozijua zinatosha, na pengine zinafaa kuliko kitabu, kwa sababu mtoto hawezi kuchungulia jibu.

Ukishasema "Paukwa" wakajibu "Pakawa", simulia kama kawaida yako, lakini kila mhusika mpe sifa moja isiyobadilika: sungura mjanja, fisi mlafi, kobe mpole. Baada ya kuitaja mara tatu nne, sema "Akatokea fisi…" unyamaze. Wao wamalizie: "Mlafi!" Kisha waongeze fisi wa pili, ili waseme "Fisi walafi". Zamu ifike kwao, kila mjukuu aongeze mhusika mmoja na sifa yake, na anayefuata aanze kwa kuwataja wote waliotangulia. Wakifika wanane watasahau; anzeni upya.

Usibadilishe usemi wako kwa kuogopa kuwa hausemi kama kitabu. Wajukuu watasikia lahaja ya Pemba kwako na Kiswahili sanifu skuli, na watajua wapi panatumika kipi.

Nipo darasa la sita. Niliandika "kiti kiimara" na "watoto wahodari", mwalimu akakata alama zote mbili. Nitajuaje neno linalobadilika na lisilobadilika?
*Mwanafunzi, Mkokotoni*

Fungua kamusi ya Kiswahili. Kivumishi kinachochukua viambishi huandikwa na kistari mbele yake: -zuri, -refu, -eupe. Kisichochukua huandikwa bila kistari: imara, hodari, safi, rahisi, ghali, laini, bora, dhaifu, maridadi. Mengi ya maneno haya yasiyobadilika yametoka lugha nyingine, hasa Kiarabu, lakini kuitafuta asili ya neno katikati ya mtihani ni kupoteza wakati. Yaandike kumi nyuma ya daftari uyakariri.

Angalia *rahisi* hasa. "Swali kirahisi" ni kosa, sema swali *rahisi*, maswali *rahisi*. *Kirahisi* huja baada ya kitenzi: "Alilijibu kirahisi."

Watoto wangu wanasoma skuli ya Kiingereza na vitabu vyao vya hadithi ni vya Kiingereza. Wakisimulia kwa Kiswahili husema "kubwa nyumba", "mjanja sungura". Itaondoka yenyewe?
*Mzazi, Mbweni*

Kwa wengi huondoka wakizungumza Kiswahili cha kutosha nyumbani, lakini unaweza kuiharakisha. Kiingereza hutanguliza sifa, Kiswahili hutanguliza jina, na watoto wanafasiri neno kwa neno. Waambie wasimulie hadithi ile ile ya Kiingereza kwa Kiswahili *bila kutazama kitabu*. Kitabu kikiwa wazi mbele yao, mpangilio wake huwavuta.

Mkiwa kwenye daladala, wasome majina ya vituo na mitaa: Mji Mkongwe, Mnazi Mmoja, na mkienda Pemba, Mchanga Mdogo. Jina kwanza, sifa au idadi baadaye. Sifa na idadi zikikutana, idadi hukaa nyuma na kimilikishi, kama *vyangu*, hubaki karibu na jina: *vitabu vyangu vipya viwili*. Neno *kila* halifuati mpangilio huu. Siku zote hutangulia, *kila mtoto*, *kila kitabu*, na wao watalipatia bila kufundishwa kwa kuwa hapo lugha zote mbili zinakwenda sawa.